Shajara ya mradi: kuihuisha laini kongwe ya kilovoti 220

Machi

Kazi imeanza. Kikundi chetu cha hapa Mbeya kina wahandisi, walimu wa ufundi, mafundi wa laini waliostaafu na vijana wa chuo, na karakana yetu iko Uyole. Lengo ni moja: kuchora kwenye kompyuta laini ya zamani ya kusafirisha umeme, kujua inasumbuliwa na nini hasa, halafu kupanga ni teknolojia ipi mpya ianze na ipi isubiri.

Laini hiyo tumeipa sura ya zile zilizojengwa huku miaka ya 1980, umeme wa Kidatu ulipovutwa kupanda Iringa na Mufindi hadi Mbeya. Msongo wake ni kV 220, mzunguko mmoja, minara ya chuma, waya mmoja kwa kila fezi (moja ya njia tatu za umeme), urefu kilomita 220. Vipimo vyake ni vya vitabuni na vya watengeneza waya, kwa hiyo chochote nitakachokiandika humu kuhusu mfano huo kisisomwe kama ripoti ya laini fulani iliyopo.

Kila nikiutaja mradi huu naulizwa swali lile lile: si TAZA inajengwa? Ni kweli. TAZA, mradi wa kuunganisha gridi za Tanzania na Zambia, ni njia ya kV 400 inayotoka Tagamenda, Iringa, ikipita Kisada kule Mufindi, Iganjo hapa Mbeya na Nkangamo upande wa Tunduma, mpaka Malangali, Sumbawanga, pamoja na tawi la kuungana na Zambia. Ni mradi mkubwa na nauombea heri. Mkoa wa Rukwa ulikaa miaka bila Gridi ya Taifa, ukitegemea umeme wa kununua Zambia, na Mbeya yenyewe ilikuwa mwisho wa waya: Kidatu na MW 204 zake, Mtera na MW 80, Kihansi na MW 180, mitambo yote hiyo iko mbali, upande wa kule umeme unakotoka.

Lakini laini mpya haiistaafishi ya zamani. Siku ya kV 400 ikitoka, yaani ikizimika, kwa radi au kwa matengenezo, mzigo unahamia kwa mkongwe aliye pembeni yake. Kama mkongwe hana afya, tutakuwa na njia mbili kwenye ramani na moja kwenye maisha. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika shajara hii.

Aprili, masika yanaendelea

Tumeazimwa kipande cha waya wa zamani kwa ajili ya mafunzo, kwa barua na mihuri yote. Leo tumekikata kwa msumeno wa chuma na kukiweka mezani.

Waya wa aina hii, ACSR (alumini iliyotiwa nguvu kwa chuma), una matabaka. Katikati kuna nyuzi 7 za chuma kilichopakwa zinki, na kuzizunguka kuna nyuzi 54 za alumini, kila uzi na unene wa milimita 3. Jumla kipenyo ni milimita 27. Watengenezaji wanauita Bison, na kilomita moja yake ina uzito unaozidi kilo 1,400. Chuma kinabeba uzito, alumini inabeba umeme.

Tabaka la nje la kipande chetu ni jeusi, linakwaruza kiganja. Ukilifungua unakuta alumini bado inang'aa na mabaki ya grisi yamegeuka kahawia. Ndani kabisa, kwenye uzi mmoja wa chuma, zinki imeisha na kutu imeacha vishimo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha. Ukiwa chini ya mnara huwezi kuona kitu hicho hata kwa darubini. Vijana walikipitisha kipande mkono kwa mkono, na maelezo yangu hayakuhitajika tena.

Nyaya za kisasa zinabadilisha hasa huo moyo wa katikati. Kuna zenye moyo wa nyuzi za kaboni, kuna za Invar (aloi ya chuma isiyotanuka sana), kuna zile za Kijapani zenye mwanya kati ya moyo na alumini. Shabaha yao inafanana: kuvumilia joto bila kulegea. Alumini hutanuka takribani sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi joto moja, chuma 11.5, na moyo wa kaboni chini ya 2. Waya wa ACSR kwa kawaida hautakiwi kuvuka nyuzi joto 75 hadi 100 hivi, maana alumini iliyovutwa ikipikwa muda mrefu inapoteza nguvu, na waya wenyewe unashuka kuelekea ardhini. Wa moyo wa kaboni hufanya kazi hadi nyuzi joto 180. Tena kwa kuwa nyuzi zake za alumini zimekatwa kwa umbo la kubanana badala ya mviringo, kwa kipenyo kile kile inaingia alumini zaidi kwa karibu robo.

Ukiisoma orodha hiyo mara moja unatamani kubadili waya kesho yake asubuhi. Ndivyo vijana wetu walivyotaka, na hamu hiyo ni njema.

Mei

Jaribio la joto. Tumefunga kipande cha waya kati ya vigingi viwili kama kamba ya kuanikia nguo, tukakiunganisha na transfoma tuliyoisuka upya ili itoe mkondo mkubwa kwa volti chache. Kwa kuwa waya ni mnene na mfupi, ampea 700 zinapatikana bila kuisumbua mita ya karakana.

Ndani ya karakana, hewa ikiwa nyuzi joto 20 hivi, pasipo jua wala upepo, waya ulipanda taratibu ukatulia karibu na 60. Katikati ulikuwa umeshuka kiasi cha kuonekana kwa macho. Kisha dada yetu mmoja wa chuo akaleta feni kubwa akaielekeza kwenye waya. Mkondo ni ule ule, ampea 700. Joto likaanza kushuka papo hapo likatulia karibu na 40, na waya ukapanda tena.

Hapa pana jambo ambalo watu wa laini wanalijua lakini halijafika kwa wengi. Uwezo wa waya kubeba umeme haukai namba moja mwaka mzima. Zamani ilipigwa hesabu moja ya tahadhari: mchana wa jua kali, hewa ya joto, upepo mdogo wa mita 0.6 kwa sekunde, na namba hiyo ikatumika usiku na mchana, kiangazi na kipupwe. Kanuni ya kukokotoa ipo wazi katika kiwango cha IEEE 738. Upepo ukifika mita 2 kwa sekunde ukiupiga waya ubavuni, uwezo unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 30. Anayeijua Makambako na upepo wake, au Mufindi ya Juni, ataelewa mara moja kuna nafasi kiasi gani inayolala juu ya nguzo bila kutumika.

Teknolojia ya kuifikia nafasi hiyo ni vihisio vinavyofungwa kwenye waya au kwenye mnara, vikipima joto, kulegea na upepo, na kutuma taarifa kwenye chumba cha udhibiti. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kubadili waya. Shida ni mahali pa kuvifunga. Ukivifunga Makambako vitakupa habari njema kila siku, wakati waya huo huo unashuka hadi bonde la Usangu, Igawa, Chimala na Igurusi, ambako ni chini, ni joto, na mchana hewa inaweza kusimama kabisa. Uwezo wa laini nzima unawekewa mpaka na kipande chake chenye joto kuliko vyote. Kwa hiyo kwenye mfano wetu tumevipeleka vihisio Usangu.

Juni

Mfano wa kompyuta umekamilika, na mjadala ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Nauandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo mradi ulipopata mwelekeo wake.

Waya wetu unaweza kubeba karibu ampea 700, yaani takribani MVA 267 (megavoltiampea, kipimo cha umeme wote unaopita) kwa kV 220. Ndivyo kanuni ya joto inavyosema. Tukaweka mzigo wa MW 100 upande wa Mbeya, wenye pawa fakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi kwa umeme wote unaovutwa) ya 0.95, kama mji wenye viwanda vya kawaida, mashine za kusaga na pampu. Mkondo ukawa kama ampea 276. Chini ya nusu ya uwezo, waya hata haujapata joto. Lakini volti ya kupokelea ilikuwa imeshashuka kwa karibu asilimia 8. Tukaongeza mzigo. Tulipokaribia MW 200 kwa pawa fakta ile ile, volti ilianza kuporomoka, na joto la waya bado halijafika kwenye mpaka.

Sababu ni urefu. Kwenye laini fupi, tuseme chini ya kilomita 80, kinachozuia ni joto. Ikirefuka hadi mamia ya kilomita, kinachozuia kinakuwa volti, na ikirefuka zaidi ni uthabiti wa mitambo yenyewe kwenda sambamba. Laini ya kV 220 yenye waya mmoja kwa fezi ina mzigo wake wa asili wa karibu MW 126. Ukipita hapo, laini inaanza kula nguvu riaktivu (ile isiyofanya kazi yenyewe bali inashikilia volti) nyingi kuliko inayozalisha, na ikiukosa msaada wa mwisho wa njia, volti inazama.

Sasa tukafanya kile ambacho vijana walikingoja: tukabadili waya, tukaweka wa moyo wa kaboni wenye kipenyo kile kile. Upotevu ulipungua kwa karibu robo, kutoka MW 3.8 kwenda 2.9 hivi kwa mzigo wa MW 100. Si haba, hiyo ni faida ya kila saa ya maisha ya laini. Ila volti? Ilipona kwa kiasi kisichofika asilimia 1. Ukinzani umepungua, lakini riaktansi (kizuizi kinachotokana na usumaku wa mkondo unaobadilika), ambayo ndiyo kubwa kwenye laini ndefu, haijaguswa, kwa sababu inatokana na nafasi kati ya fezi na unene wa waya, na hivyo vyote vimebaki kama vilivyokuwa.

Tukarudisha waya wa zamani. Badala yake tukaweka benki ya kapasita (vifaa vya kuzalisha riaktivu, inayopimwa kwa MVAr) ya MVAr 33 kwenye kituo cha kupoza umeme cha mwisho. Anguko la volti likatoka asilimia 8 hadi chini ya 3.

Kimya kilipita, kisha kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo waya wa kaboni ni bure?" Si bure hata kidogo. Kule Texas, kampuni ya AEP ilibadili waya wa laini zake za kV 345 za Lower Rio Grande Valley huku umeme ukiendelea kupita, kwa waya wa moyo wa kaboni, kwa sababu eneo lile halikuwa na uwezo wa kuzima laini. Na laini fupi inayotoka mtambo kwenda kituo cha karibu, au inayozunguka mji unaokua haraka, hiyo ndiyo mahali pake hasa. Minara inabaki, mkuza (ukanda wa ardhi unaopitiwa na laini) unabaki, hakuna fidia mpya ya mashamba, uwezo unakaribia maradufu. Mfano wetu ni wa kilomita 220, na kwake swali la kwanza ni volti.

Usiku ni kinyume. Mji ukilala, laini ile ile inazalisha karibu MVAr 30 yenyewe na volti ya mwisho wa njia inapanda kupita kiasi. Kapasita za kufunga na kufungua kwa breka zinasaidia, lakini inayofaa zaidi ni mashine ya STATCOM, inayotoa au kunyonya riaktivu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, mchana na usiku. Tumeiweka juu kwenye orodha.

Julai, baridi kali

Tumekwenda Makambako kuonana na mzee wetu mmoja aliyetumia ujana wake wote juu ya minara. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala barabarani hadi karibu saa nne.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba wanangu. Karibuni moto."

Tulimwonyesha orodha yetu. Akaisoma yote, kisha akainuka akaenda ndani, akarudi na kikombe cha kioo kilichostaafu, yaani kihami kinachoning'iniza waya bila umeme kuingia kwenye mnara, kile cha kijani chenye kofia ya chuma juu na pini chini. Akakiweka mapajani mwangu. Ni kizito, kilo nne na zaidi, na mnyororo mmoja wa kV 220 una vikombe kama kumi na vinne au zaidi.

"Hiki nakipenda," alisema. "Kioo hakifichi. Kikifa kinapasuka chote, unakiona ukiwa chini. Cha kauri kinapata ufa ndani, kinakaa kinakudanganya miaka." Kisha akanigeuzia pini. Shingo yake, pale inapoingia kwenye saruji, ilikuwa imeliwa na kutu hadi kuwa nyembamba. "Na hapa ndipo unapotakiwa kutazama. Hapa ndipo waya unapoangukia."

Tukazungumza habari za vikombe vya silikoni. Ni vyepesi mno, mnyororo mzima anaubeba mtu mmoja begani, na uso wake unayakataa maji hivyo uchafu uliolowa haufanyi njia ya umeme. Mzee anavikubali, ila anataka vikaguliwe kwa kamera za joto na za mwanga wa korona (umeme unaovuja hewani), kwa kuwa fimbo ya ndani ikiingiwa na maji inaweza kukatika ghafla bila onyo la machoni. Droni zimeirahisisha kazi hiyo. Ukaguzi wa mnara uliohitaji watu kupanda na laini kuzimwa, sasa picha zake zinachukuliwa katika dakika chache, hadi pini ya kikombe cha juu kabisa.

Lakini alichokitilia mkazo zaidi ni ethi, yaani kuunganishwa kwa mnara na ardhi. Radi ikipiga mnara au waya wa juu wa kinga, mkondo wake unatafuta ardhi kupitia miguu ya mnara. Tupige hesabu nyepesi: mkondo wa kiloampea 30 na ukinzani wa mguu wa omu 20, mnara unapanda hadi kV 600, na vikombe vya laini ya kV 220, ambavyo kwa kawaida huhimili mshtuko wa kV 1,050, vinavumilia. Mguu ukiwa wa omu 60, mnara unafika kV 1,800. Hapo cheche inaruka kutoka mnara kwenda kwenye waya, laini inatoka, na Mbeya giza. Waya, vikombe, mitambo, vyote vizima. Kasoro iko ardhini.

Na ardhi yetu huku ni ya pekee. Upande wa Uyole na Rungwe imejaa majivu na mawe mepesi ya volkano. Masika inashika maji, kiangazi inakauka kama unga.

Septemba

Tumeipima tena fimbo ya ethi tuliyoizika karakanani mwezi Aprili. Ukinzani umezidi mara mbili. Fimbo ni ile ile, mahali ni pale pale. Tangu sasa kwenye mfano wetu tunatumia kipimo cha Septemba na Oktoba, maana radi za kwanza za msimu zinakuja ardhi ikiwa bado kavu.

Tiba zipo: kuzika nyaya ndefu kutoka kila mguu wa mnara, kujaza udongo wa bentonaiti unaoshika unyevu, na penye mwamba usiokubali kitu, kufunga vizuia radi vya oksidi ya zinki sambamba na vikombe. Kupima nako kunataka kifaa chake. Kwa kuwa minara yote imeunganishwa juu na waya wa kinga, kipimo cha kawaida kinakupa ukinzani wa minara yote kwa pamoja. Vipo vipimo vya masafa ya juu, karibu kHz 25, vinavyouona mnara mmoja peke yake.

Mwezi huu pia ni wa moto. Watu wanasafisha mashamba, misitu ya kupandwa ya Sao Hill iko kwenye tahadhari, na moshi mzito ukipanda katikati ya fezi umeme unaweza kuruka hewani. Moto ukipita na kuzimika, fundi akifika hakuti dalili zaidi ya majani meusi. Mzee alituambia walikuwa wakitembea mkuza mzima, bonde kwa bonde, kutafuta mahali hitilafu ilipotokea.

Hili limepata suluhisho zuri kuliko yote niliyokutana nayo mwaka huu. Hitilafu inapotokea, inatuma wimbi pande zote mbili za laini kwa kasi inayokaribia ya mwanga, karibu mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Vifaa vya ncha zote mbili, vilivyofungwa saa za setilaiti, vinaandika wakati wimbi lilipofika. Tofauti ya nyakati hizo mbili inakupa mahali, mara nyingi kwa umbali wa mnara mmoja au miwili. Fundi anaondoka kituoni akijua anakwenda mnara gani. Kwa njia ya milima kama yetu, yenye Inyala na makorongo yake, hiyo ni tofauti kati ya nusu saa na siku nzima ya viwanda kusimama na wodi kukaa kwenye jenereta.

Waya wa juu wa kinga ukibadilishwa uwe wenye mkongo wa mawasiliano ndani, vifaa hivyo, rilei (vifaa vinavyoamuru laini izimwe hitilafu ikitokea) na vihisio vya Usangu vinapata njia moja ya kuzungumza.

Oktoba

Mpangilio tuliokubaliana kuuweka kwenye rasimu ya mpango wetu, baada ya mabishano ya haki: ethi na vikombe kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyoitoa laini mara kwa mara. Pamoja navyo, waya wa kinga wenye mkongo na vifaa vya kutafuta hitilafu. Kisha fidia ya riaktivu, yaani kapasita na STATCOM, upande wa Mbeya. Kisha vihisio Usangu. Waya mpya mwisho, tena si njia nzima: ni vipande ambavyo ukaguzi utaonyesha kutu imeingia kwenye moyo, na laini fupi za kuzunguka mji.

Fundi wetu mmoja hakubaliani na kuweka vihisio nyuma ya STATCOM, kwa hoja kwamba vihisio ni bei nafuu na vinaweza kuanza hata mwezi ujao. Ana hoja, na nimeiandika kwenye rasimu kwa maneno yake.

Bado kipo kipande cha wizi wa vyuma vya chini vya minara, ambacho mfano wa kompyuta hauwezi kukionyesha. Mnara uliopungukiwa vyuma vya mlalo unasimama vizuri hadi siku ya upepo. Boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida zipo sokoni na tumeziingiza kwenye makadirio ya gharama, sambamba na mazungumzo na serikali za vijiji ambavyo mkuza unapita, kwa kuwa wao ndio wanaouona mnara kila siku.

Rasimu inakwenda kwa wasomaji wawili wa nje wiki ijayo. Kipimo cha masafa ya juu tumeshakiombea kwa chuo kimoja, na kikipatikana kabla ya mvua kushika tutaanza na minara ya mafunzo ya Iringa, kisha turudi kwenye udongo wa Uyole.